Araksi na Picha za Kroft

Nyumbani kwa Vahan Terzian jina la Alden Kroft lilikuwa halitajwi. Hakuna aliyetoa amri hiyo, ilijiweka yenyewe. Redio ikianza kumsifu Kroft, Siranush, mke wa Vahan, alinyanyuka akaizima, kisha akarudi mezani kuendelea kufunga nyama kwenye majani ya mzabibu. Mgeni akijisahau akaanza kusimulia picha aliyoiona juzi, mwenzake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Na kujisahau kulikuwa rahisi, maana mwaka ule wa 1963 Los Angeles nzima ilikuwa ikimzungumzia Kroft. Mwongozaji huyo alikuwa ametoa picha kubwa ya sinema, ya rangi, yenye majeshi na malkia na farasi wasiohesabika. Lakini sisi Waarmenia wa mashariki ya Hollywood tulimjua kabla ya ukubwa huo, alipokuwa akitengeneza picha za uhalifu, fupi, za nyeusi na nyeupe, zilizopigwa harakaharaka katika vichochoro na maghala ya jiji hilihili. Vahan alifanya naye kazi siku hizo. Stelingi alipotakiwa kuruka kutoka juu ya paa au kugonga gari, aliwekwa pembeni, Vahan akavishwa koti lake na kofia yake, akaruka yeye, akagonga yeye. Kwenye picha iliyoitwa Mfereji Mkavu alipindua gari ndani ya mfereji wa zege unaopitisha mto katikati ya jiji. Paa la gari likabonyea na uti wa mgongo wake ukavunjika. Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu, akitengeneza redio za watu karibu na dirisha la sebuleni, na Siranush akawa mpishi wa hospitali.

Kilichomchoma Siranush kuliko ajali yenyewe ni mabango. Picha ilipotoka yaliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ajali utakayoiona humu ilitokea kweli. Watu wakapanga foleni. Siranush aliona wamepanga foleni kumtazama mumewe akivunjika mgongo, na hakutaka kuelezwa vinginevyo. Yeye na Vahan hawakuwahi kuiona.

Araksi alikuwa mdogo wake Siranush. Alihamia kwao kutoka Fresno baada ya mama yao kufariki, akapewa chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi. Vahan ndiye aliyesema achukue chumba hicho, ingawa ndicho alichokuwa akikitumia kwa redio zake. Asubuhi Araksi alipiga pasi kwenye duka la dobi. Saa saba alikuwa huru. Alikuwa amevuka miaka thelathini na hajaolewa, jambo ambalo akina mama wa kanisani walilijadili mbele yake kama watu wanaojadili mvua.

Kuingia sinema siku ya kwanza hakukusudia. Ilikuwa Jumatano, joto limekaba, na karibu na duka la dobi palikuwa na sinema ndogo ya zamani iliyokuwa na mashine ya kupoza hewa. Mlangoni waliandika tu kwamba wiki hizo wanaonyesha picha za uhalifu za enzi zile. Araksi akakata tiketi, akakaa kiti cha pembeni, akavua viatu. Taa zikazimwa, na jina la kwanza kutokea juu ya kitambaa cheupe cha mbele lilikuwa la Kroft.

Angeweza kutoka. Viatu vilikuwa chini ya kiti chake na njia ilikuwa wazi. Akajisemea kwamba atakaa mpaka apoe kidogo.

Picha ile ilimhusu karani wa benki aliyejiingiza kwenye wizi kwa ajili ya mwanamke asiyempenda. Tangu mwanzo unajua hataokoka. Kivuli cha pazia la mbao kilimlalia usoni kama fito za jela kabla hata hajaiba. Mwanamke yule alizungumza huku anapaka rangi ya midomo, hamtazami, na kila neno alilosema lilikuwa uongo mtamu. Mwisho karani anakaa ukingoni mwa kitanda katika hoteli ya ovyo, anasikia polisi wanapanda ngazi, anainama, anafunga kamba za viatu vyake taratibu, vizuri, kama mtu anayekwenda kazini. Araksi alisahau joto, akasahau duka la dobi na akina mama wa kanisani. Taa zilipowashwa alibaki amekaa, na mzee wa tiketi akamwambia, "Mama, imekwisha."

Njiani ndipo moyo ulipoanza kumsuta. Jioni Vahan alimsukumia sahani ya wali akamwambia, "Kula, shemeji, umepauka kama ukuta." Araksi akala akiinamia sahani.

Aliapa hatarudi. Jumatano iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Siranush akiuliza, alisema yuko kwa Zabel, jirani yao, wanashona vitambaa vya meza kwa ajili ya sherehe ya kanisa. Uongo wa kwanza aliusema akiwa amempa dada yake mgongo. Wa tatu aliutoa huku anamenya vitunguu. Akawa anajua sasa jinsi Kroft anavyopenda kuanza na miguu ya mtu kabla ya kuonyesha uso, jinsi anavyoacha simu iite chumba kitupu mpaka unataka kunyanyuka wewe uipokee. Hakuwahi kuona mtu anayemwelewa mwenye hatia kama huyu. Na aliyemwelewa hivyo ndiye yule aliyemwacha shemeji yake kwenye kiti na kwenda zake kupiga picha za malkia. Araksi alijaribu kuichukia kazi yake, na kila Jumatano akashindwa.

Wiki ya mwisho waliweka Mfereji Mkavu.

Alipoliona jina mlangoni alipita moja kwa moja, akafika hadi kwenye kona, akasimama mbele ya duka la vitambaa kwa muda akitazama asichokiona. Kisha akarudi. Alijiambia kwamba safari hii si starehe, ni wajibu, lazima mtu wa familia aone walichofanya.

Lakini ilikuwa starehe. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Kulikuwa na dereva wa majambazi anayetaka kuacha kazi, na kaka yake asiyemruhusu, na mvua iliyonyesha toka mwanzo. Ikaja ile sehemu. Gari jeusi likashuka kwenye mfereji, taa zake zikimetameta juu ya zege lililolowa, polisi nyuma. Likapanda ukingo, likanyanyuka upande mmoja, likakaa hewani kitambo kirefu kuliko gari linavyoweza kukaa, likageuka, likaanguka, likateleza kwa paa huku linatoa cheche. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Araksi alisikia makofi karibu sana, akatazama, akakuta ni mikono yake.

Akaiweka mapajani, akaibana kwa magoti. Kwenye picha, dereva alitoka kwa kutambaa dirishani, akasimama, akapandisha ukingo akichechemea, kofia imeshushwa usoni, akapotelea kwenye mvua. Araksi hakuyaona hayo sawasawa. Alitoka kabla ya mwisho, akaenda chooni, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Alipofika nyumbani Siranush alikuwa bado kazini. Vahan alikuwa dirishani, redio imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Zabel hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Vitambaa vinakwenda?"

"Vinakwenda."

Vahan akaendelea kukaza skrubu. "Ajabu," akasema. "Vitambaa vya Zabel vinanuka bisi."

Araksi akakaa kwenye kochi.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu wiki ya pili. Gazeti ninalosoma lina ukurasa wa sinema, na mimi sina kazi nyingi." Akaweka bisibisi chini. "Leo ni ile yangu, sivyo?"

"Nisamehe, Vahan."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza gari lilipinduka vizuri?"

Araksi akalia. Akamwambia yote, hata makofi. Hasa makofi. Alitaka amkaripie. Vahan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, safari hii polepole, kama mtu anayeuliza habari za kwao, "Lilikaa juu kidogo kabla halijageuka?"

"Lilikaa."

"Nilijua. Nilijua limekaa." Akatazama nje. "Miaka yote hii watu wote wameiona isipokuwa mimi. Nipeleke, shemeji."

"Dada ataniua."

"Ataanza na mimi. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Ijumaa wakaenda. Araksi alimsukuma mitaa minne juani, Vahan amevaa koti la kanisani na tai. Sinema ilikuwa na ngazi mlangoni. Mzee wa tiketi akamwita kinyozi wa jirani, wakamnyanyua yeye na kiti chake, na kinyozi, akihema, akasema, "Bwana, umekula nini?" Vahan akamjibu, "Mapishi ya mke wangu. Ukitaka kunilaumu, kamlaumu yeye."

Ndani walimweka pembeni ya mstari. Mwanzoni alikuwa akicheka na kunong'ona mpaka mtu wa mbele akageuka. Yule jambazi mnene, alisema, hakuweza kupiga ngumi hata kuupiga mto wa kulalia. Yule anayeangushwa kwenye ngazi ni yeye, Vahan. Araksi alijikuta anacheka naye. Kisha mfereji ukatokea, na Vahan akanyamaza.

Gari likanyanyuka, likakaa hewani, likageuka. Watu wakapiga makofi. Vahan hakupiga. Alikuwa ameinama mbele, mikono imeshika magurudumu, na mtu yule wa kwenye picha akatambaa kutoka dirishani, akasimama wima.

"Huyo ni mimi," akasema.

Araksi alidhani ni stelingi. Sasa akamtazama. Alimwona shemeji yake akitembea. Mara ya mwisho kumwona hivyo ilikuwa harusini kwake, Araksi angali msichana, Vahan akicheza ngoma ya mabega na wajomba. Ulikuwa mwendo uleule, hata huku anajifanya kuchechemea. Alipandisha ukingo wa zege hatua kwa hatua, kamera ikimwacha aende, mpaka mvua ikamfunika.

"Sielewi," Araksi akanong'ona. "Ulitokaje?"

"Tulipiga mara mbili. Hii ni ya kwanza. Ya kwanza nilitoka mzima, nikatembea mpaka juu kama unavyoona. Ya pili ndiyo ile nyingine."

"Kwa hiyo ya pili..."

"Hawakuitumia. Wangeitumiaje? Hakuna aliyetoka garini."

Taa zikawashwa. Nje, wakati kinyozi anamshusha, Vahan akamwambia Araksi bila kumtazama, "Siranush asijue hili." Araksi akaitikia. Alidhani anasema kuhusu kwenda sinema.

Siranush alikuwa amesimama kwenye baraza, bado na aproni ya hospitali. Bomba la gesi lilikuwa limevuja jikoni hospitalini, wapishi wakarudishwa mapema. Alikuta nyumba haina mtu. Mumewe, asiyetoka bila yeye, hayupo. Akakimbilia kwa Zabel, na Zabel akamwambia Araksi hajakanyaga kwake toka Pasaka, na vitambaa gani hivyo.

"Mlikuwa wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

Vahan akafungua mdomo, Araksi akamtangulia. "Sinema. Nilimpeleka mimi. Nimekuwa nakwenda kila Jumatano."

"Kuona nini?"

Araksi akashindwa kulitaja jina. Siranush akazisoma nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani. Wakamfuata. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameshika ncha za aproni.

"Umekula chumvi yetu humu," alimwambia mdogo wake. "Unamfulia mashati. Unajua ninavyomgeuza kitandani. Halafu unakwenda kukaa gizani kumtazama anavyovunjika. Ulifurahi?"

Araksi angeweza kukataa. "Nilifurahi," akasema.

"Siranush, mimi ndiye niliyeomba," Vahan akasema.

"Wewe nyamaza. Sisemi nawe." Akakaa ghafla, kwenye kiti cha karibu, na uso wake ukalegea. "Wewe huna unachojua, Araksi. Mimi nilikuwepo siku ile. Sikukwambia kwa sababu sijamwambia mtu. Nilisimama nyuma ya kamera na gauni langu la bluu. Nilifurahi kuliko wewe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kroft akauliza, turudie au inatosha? Vahan akanitazama mimi. Na mimi nikacheka, nikamwambia rudia, ilikuwa nzuri mno, nataka kuiona tena." Akajifuta pua kwa aproni. "Kwa hiyo nikisikia jina la yule mtu, silichukii jina lake, nakichukia kicheko changu."

Araksi alimtazama Vahan, na hapo ndipo alipoelewa maneno ya mlangoni pale sinema.

"Angalau waliitumia," Siranush akasema. "Nimejiambia hivyo kila siku. Angalau ile aliyovunjikia ndiyo watu waliyoiona, haikwenda bure. Waliitumia, sivyo? Mabango yalisema hivyo."

"Waliitumia," Vahan akasema. "Ya pili."

Siranush akamgeukia mdogo wake. "Umeiona wewe?"

"Ya pili," Araksi akasema.

Alikuwa amesema uongo mwingi mwezi ule, na wote ulikuwa wa kujificha. Huu aliusema kwa upendo, na ndio uliomwelemea. Alimwona dada yake akivuta pumzi, akitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kipimo chake hakina ugonjwa.

Walidhani imeishia hapo. Jumamosi ikapita kimya. Jumapili, baada ya ibada, Siranush alimwomba Zabel amrudishe Vahan nyumbani, akasema ana shughuli. Araksi alimwona akielekea upande wa sinema na kofia yake ya kanisani, akamkimbilia, akamshika mkono barabarani.

"Dada, usiende."

"Wewe umekwenda mara ngapi?"

"Usiende. Nakuomba."

"Kama yeye ameweza kuiona, nami nitaiona. Siwezi kuwa mwoga kuliko yeye." Akautoa mkono wake taratibu, akaenda.

Araksi alirudi akamwambia Vahan. Vahan alisema tu, "Basi," akazima redio aliyokuwa akiijaribu. Walikaa wakisubiri. Hakuna aliyepika.

Siranush alirudi jua likiwa bado halijazama. Alivua kofia, akaichomeka pini zake, akaiweka mezani. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya kiti cha mumewe.

"Ulikuwa unatembea," akasema.

"Ndiyo."

"Mliniongopea."

"Ndiyo."

"Ilitosha ile ya kwanza. Ilikuwa imekamilika. Nikasema rudia."

"Aliyeleta neno la kurudia ni Kroft. Na mwenye funguo za gari nilikuwa mimi."

"Ulinitazama mimi."

"Nilikutazama kwa sababu ulikuwa umependeza," Vahan akasema. "Ningerudia hata ungesema tuondoke. Nilikuwa kijana, kulikuwa na kamera tatu. Ungeweza kunizuia kwa kamba tu."

"Hilo unalisema sasa."

"Nalisema sasa kwa sababu hujawahi kuniuliza."

Siranush aliweka kichwa chake kwenye magoti ya mumewe, magoti yasiyohisi kitu, akakaa hivyo. Araksi akatoka akaenda kusimama uani. Alisikia wanazungumza kwa muda mrefu, sauti za chini, mara moja hata Siranush akacheka kicheko kibaya cha mtu anayelia.

Wiki hiyo Araksi alifunga mizigo yake. Siranush alimkuta akikunja nguo, akazikunjua na kuzirudisha kabatini. Kisha akasema, "Sijakusamehe. Lakini ukiondoka nitamkasirikia nani?" Walichukua muda mrefu kuzungumza kama zamani. Ilikuwa "nipitishie chumvi," na "funga mlango." Siku moja wakiwa wanafua, Siranush akamweleza Zabel habari yote ya gauni la bluu, waziwazi, Araksi akiwa palepale anakamua mashuka. Zabel alimshikilia tu upande wa pili wa shuka. Baada ya hapo Siranush alianza kulala usingizi wa usiku mzima, jambo ambalo Vahan alisema hajaliona kwa miaka.

Watu wakimwambia Araksi kwamba heri alikwenda, kwamba bila yeye Siranush angekufa na siri yake, hakubishana nao. Lakini hakukubali sifa hiyo. Hakwenda kwa ajili ya dada yake. Alikwenda kwa sababu alipenda, na akaendelea kupenda hata alipojua anatazama nini. Mpaka sasa akifumba macho huliona gari lile limekaa hewani, taa zake juu ya zege lililolowa, na moyo wake hunyanyuka nalo kabla hajawahi kuuzuia. Hilo hajamwambia Siranush.